Pikapu Iliyomfuata Mama Moraa

Katika miaka yote niliyouza vipuri vya magari hapa Kenyenya, sijapata mteja aliyenichosha kama Karani. Wengine huingia, wakauliza bei, wakalalamika kidogo, wakaondoka. Yeye alivua kofia, akasalimia kila aliyekaa kwenye benchi mmoja mmoja, akauliza habari za mvua kana kwamba ametoka nchi nyingine, kisha akanyoosha mkono apewe kitu akishike. Alikuwa anakipima uzito. Jeki, shokabzoba, mnyororo wa kukokotea, hata chupa ya oili: lazima akishike, afumbe jicho moja, atamke kilo zake. Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza.

Hilo la kupima lilitokana na kazi yake, kama jina lake lilivyotokana nayo. Alikuwa karani wa majani chai kwenye kituo cha kilima chao, ng'ambo ya Nyacheki, akisimama chini ya mizani ya kuning'inia huku akina mama wakimkodolea macho wasije wakapunjwa. Alistaafu, mizani ikabaki kituoni, lakini mkono wake haukustaafu. Hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, na mimi sitaanza leo. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake zilisomwa zote siku ya mazishi na wazee wa kanisa, na mvua ikatunyeshea mpaka wakamaliza. Anayezitaka akawaulize wao.

Mimi nitasema niliyoyaona dukani kwangu na kule kwake mlimani, na nitaanza na jambo lililomsumbua mpaka mwisho, msije mkadhani nawasimulia habari za gari tu. Karani alikuwa na pikapu kuukuu aliyoirekebisha kipande baada ya kipande, mpaka ikawa inapanda matope yaliyowashinda wote. Ilibeba wagonjwa, wajawazito, viti vya harusi na majeneza. Mtu mmoja tu hakuipanda, naye alikuwa mkewe. Karani aliishi akiingoja siku ambayo mkewe angekubali kuingia tena ndani ya gari lile.

Alipoinunua alikuwa mshamba kabisa wa magari, na nasema hivyo kwa upendo. Nakumbuka siku ya kwanza alipokuja na orodha yake kichwani.

"Mama Spea," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "nataka taa za juu. Hizo kubwa."

"Za nini, Karani? Unaenda kuwinda?"

"Watu wajue nimefika."

"Tairi zako zimeisha kama kisigino ya ndara. Gari haipandi mlima na taa, mzee."

"Tairi itakuja. Taa kwanza."

Tulizungumza Kiswahili kwa sababu yeye alikuwa Mkisii na mimi ni mtu wa ziwa. Nililetwa Kenyenya na kazi ya mume wangu. Mume akahamishwa, akahama na mengine yake, nikabaki na duka. Kiswahili cha Karani kilikuwa cha shule na cha ofisi ya majani, changu ni cha sokoni, na tulielewana vizuri hata tulipokuwa tunagombana. Tuligombana sana. Taa alizifunga, na jioni ya kwanza alipoziwasha uani, jogoo wa jirani akawika.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Baada ya taa akaenda Nyamira, akachomelewa bampa la mabomba mazito ya maji, la kuzuia ng'ombe, akasema. Ng'ombe wa kule kwao wanafungwa kamba. Bampa lile lilikuwa zito kiasi kwamba pua ya gari iliinama kama mtu anayetafuta sindano. Nilicheka mpaka nikaketi. Nikamuuliza inakuwaje mtu anayepima hata spana asipime chuma kama kile.

Akanijibu bila kucheka. "Ilikuwa yangu. Karani hapimi majani yake mwenyewe. Ukipeleka majani yako, unaita mwingine apime."

Ndivyo walivyofanya kazi kituoni: karani akileta majani ya shamba lake, husimama kando na mikono nyuma, mwenzake akapima, ili watu wasiseme. Sheria nzuri. Lakini ilimwingia mpaka kwenye damu, na chochote kilichokuwa chake hakukiona sawasawa. Makosa ya gari la mwingine aliyaona kutoka ng'ambo ya bonde. Ya kwake yalimpita.

Hata hivyo alijifunza. Bampa alilikata nusu. Akaja kununua tairi za matope zenye meno makubwa, akazishika, akafumba jicho, akatamka kilo. Akaweka bamba la chuma chini ya injini ili mawe yasitoboe sampu, lile bakuli la oili. Akaweka ndoano mbele na nyuma za kuvutwa na kuvutia. Nilipomwambia apunguze upepo wa tairi akifika kwenye matope alinitazama kama mtu aliyetukanwa, kwa sababu kwake tairi iliyolegea ilikuwa uvivu. Wiki chache baadaye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine, na ungedhani jambo hilo alilizaa yeye.

Maneno yake ya matope yalijulikana mlimani kote. "Gari ni miguu," alikuwa akisema. "Hayo mengine ni nguo." Alisema pia kwamba matope hayapigiwi kelele: gia ya kwanza, mguu mwepesi, na ukishaingia katikati usiguse breki, hata ukimwona mama mkwe wako. Kila mahali penye utelezi alishuka kwanza akapatembelea kwa miguu, suruali ikiwa imekunjwa, akachoma udongo kwa fimbo, akarudi, akapanda. Kijana mmoja wa bodaboda alimcheka hadharani kwa hilo. Karani akamvuta yeye na pikipiki yake kutoka mtaroni siku hiyohiyo, akimpa hotuba mpaka kijana akaomba arudishwe mtaroni.

Alikuwa mzee wa kanisa, Msabato hasa. Ijumaa mchana aliliosha gari, akalifunika turubai, na mpaka jua la Jumamosi litue hakugusa hata nati. Nilipokuwa nikifungua duka Jumamosi alinisikitikia kwa sauti, mbele ya wateja. Lakini Sabato hiyohiyo, mtu akipiga kelele kwamba mkewe ameshikwa na uchungu, Karani alitoka katikati ya mahubiri, ufunguo ukiwa tayari mkononi. Mara moja mchungaji mgeni alimuuliza kama hakuna mwingine wa kwenda. Akajibu kwamba ng'ombe akitumbukia shimoni Sabato anatolewa, sembuse mtoto wa mtu, akaondoka bila kungoja jibu. Alikuwa mpole mpaka uguse hapo. Ukigusa hapo, alikuwa mkali kama pilipili.

Sasa niseme kwa nini.

Mwanzoni mkewe, Mama Moraa, aliipanda pikapu. Tena aliipanda kwa mbwembwe. Alikaa mbele, kitambaa cheupe kichwani, mkono wa kushoto nje ya dirisha, akisalimia watu kwa majina yao kama mgombea ubunge. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, na alipomshukia mumewe dukani kwangu aliwaambia wateja, "Mnaona huyu? Ananunua taa, na nyumba haina pazia." Karani alijifanya kukasirika. Alikuwa anafurahi mpaka masikio.

Shida ilikuwa tumbo la gari. Barabara ya kwao ilikuwa imechimbwa na lori za majani, ukingo wa katikati ukabaki juu, na pikapu ilikuwa ikikwaruza kila siku. Akaamua kuliinua. Nilimuuzia springi ndefu na bolti zake, nikamwambia ampelekee fundi. Akasema fundi hufunga haraka awahi chai. Angefanya mwenyewe, polepole, nyumbani. Nikamwambia basi angoje masika yapite. Akasema masika ndiyo anayoinulia gari.

Fundi yeyote angemwambia jambo moja: fungua upande mmoja, funga, ndipo uende wa pili, ili gari lisipoteze miguu yote kwa pamoja. Lakini Karani alikuwa karani. Alizoea kuona mzigo wote umepangwa kabla ya kuandika chochote. Akaliweka gari juu ya magogo na mawe, akafungua pembe zote nne, springi, shokabzoba, matairi, akapanga kila kitu juu ya magunia kwa mistari, vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo, akavisugua kwa mafuta ya taa, akaanza kuvipaka rangi nyeusi. Walioona wanasema ilipendeza. Mama Moraa mwenyewe aliwaita majirani waje waone.

Binti yao, Moraa, alikuwa amekuja kwa mama yake kupumzika, akiwa na mimba yake ya kwanza. Siku zake zilikuwa bado. Mchana ule, mvua ikianza, akashikwa, na haikuwa uchungu wa kawaida. Alikuwa anatoka damu.

Kwa Wakisii baba hakaribii mambo ya uzazi ya binti yake. Ni heshima yao, wanaiita chinsoni, na haivunjwi hata nyumba ikiwaka moto. Kwa hiyo Karani hakuingia ndani. Alisimama uani kwenye mvua, akisikia, huku gari lake likiwa limelala vipande vipande mbele yake. Hakuweza kumwinua mwanawe, hakuweza hata kumwona. Kitu pekee alichoruhusiwa kumpa ilikuwa gari, na gari halikuwa na miguu.

Majirani walimfunga Moraa juu ya ngazi kwa leso na blanketi wakaanza kuteremka naye kuelekea lami. Mama Moraa aliandamana nao, akiwa ameshika mwavuli juu ya uso wa binti yake. Karani akabaki chini ya gari, kwenye matope, akifunga. Wanasema aliita kila bolti kwa kilo zake. Wanasema alikuwa analia na mikono haikutetemeka. Alifunga alichoweza kufunga, akaacha mengine, akawasha, akateremka.

Lilipanda na kuteremka kama alivyokuwa ametaka. Tumbo halikukwaruza popote. Pale kwenye kona ya mto alikutana nao wakirudi, uso wa Moraa umefunikwa leso.

Barabara pale ni nyembamba, kingo za majani chai pande zote, huwezi kugeuza gari. Karani alishuka akafungua nyuma ili wamweke binti yake ndani. Mama Moraa akasema neno moja kwa Kikisii: hapana. Halafu akasema, "Tutatembea." Wabebaji hawakuthubutu kubishana naye. Ikabidi Karani aingie ndani arudi kinyumenyume, mlima wote, uso kwa uso nao, akiwapisha. Wao wakipanda, yeye akirudi. Kioo cha mbele kilikuwa na wiper inayofanya kazi vizuri sana, na aliwaona njia nzima.

Hayo niliambiwa na waliobeba. Yeye mwenyewe hakuniambia hata siku moja. Nilikwenda kwenye mazishi ya Moraa, na huko nikamsikia mwanamume mmoja akisema kwa busara kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilitaka kumpiga. Fimbo haikuwa mbali. Ilikuwa uani, imefunguliwa.

Toka siku hiyo Mama Moraa hakuingia kwenye ile pikapu. Hakumfukuza mumewe, hakumnyima chakula, hakumsema kwa watu. Aliendelea kumwandalia wimbi na mboga zake chungu alizozipenda, akamfulia shati la Sabato. Wanawake waliomchochea amtukane aliwafukuza yeye. Alichokataa ni gari tu. Kanisani alikwenda kwa miguu. Sokoni Nyacheki kwa miguu, na kikapu kichwani. Akitaka kuja Kenyenya alitafuta bodaboda huko mbele, akiwa ameshapita nyumba zinazomjua.

Watu walimpa ushauri Karani, kama kawaida ya watu. Auze gari. Alichome. Anunue jingine jeupe. Hakusikiliza. Alirudi dukani kwangu akiwa amekonda, akavua kofia, akasalimia benchi, akanyoosha mkono. Nilimpa springi ya nyuma aliyokuwa anahitaji. Aliishika muda mrefu, akafumba jicho, na hakutamka kilo. Nikamwekea chai.

Sheria zake mpya zilikuwa kali kuliko za dini. Gari halifunguliwi pande mbili kwa wakati mmoja, kamwe. Miezi ya mvua haliguswi ila kutiwa grisi. Tangi halishuki chini ya nusu. Nyuma aliweka godoro, blanketi mbili na turubai la kufunika, na kila mwenye mimba mlimani alijulikana kwake, kwa sababu alikuwa akiwauliza waume zao bila haya, yeye mzee wa kanisa, "Wa kwako ni mwezi gani?" Wengi walizaliwa salama kwa sababu ya pikapu ile. Wawili walizaliwa ndani yake. Mama mmoja alitaka kumwita mtoto wake Karani, akakataa kwa ukali, akasema mtoto asipewe jina la mtu aliyechelewa.

Kitu kilichoniumiza zaidi ni safari zao za kanisani, maana sasa hata Sabato turubai lilivuliwa. Mama Moraa akitembea mbele, Biblia kwapani, mwavuli juu, miguu yake ikianza kumsumbua kwa uzito na umri. Pikapu nyuma yake, gia ya kwanza, mwendo wa mtu. Hakumpita. Angeweza kufika akamsubiri, angeweza kwenda mapema, lakini alikaa nyuma yake mlima mzima, na wenye pikipiki na lori za majani wakajifunza kungoja. Watoto waliwaigiza, mmoja akitembea, mwingine akinguruma nyuma.

Kuna Sabato moja niliwakuta njiani nikashindwa kujizuia. Nikamsogelea dirishani.

"Karani, unachoma mafuta bure. Mpite, ufike, umngoje."

"Nikifika nitakaa na nani?"

"Basi acha gari nyumbani, mtembee pamoja."

Akatazama mbele, mgongo wa mkewe ukiwa unasonga kwenye manyunyu. "Akichoka je?" akasema. "Akichoka katikati, gari itakuwa wapi?"

Nikajitoa dirishani, pikapu ikasonga.

Alichomelea ngazi upande wa abiria na nyingine nyuma, za chini kabisa, pana, za kukanyagwa na mtu mwenye magoti mabaya. Wajawazito walimshukuru kwa hizo ngazi. Alipozileta nizione, nilijua zimepimwa kwa miguu ya nani, na yeye alijua kwamba nimejua. Tukazungumza habari ya rangi.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mbishi, alikuwa na wivu wa gari lake, hakumpa mtu yeyote usukani isipokuwa mimi, nami ni baada ya kunipa mtihani uliochukua asubuhi nzima kwenye mteremko wa nyuma ya kituo cha majani. "Wewe una mguu mwepesi," akasema mwishoni, kwa shingo upande, "ingawa mdomo ni mzito." Na alikuwa mkaidi katika huzuni yake. Nilimwambia zaidi ya mara moja akazungumze na mkewe, aseme kwa mdomo, nisamehe. Alitikisa kichwa. Aliona maneno ni mepesi. Mtu aliyepima maisha yake yote anataka aweke kitu kizito kwenye mizani, na yeye alikuwa anaweka gari, kila mwaka kipande kimoja zaidi, na mizani haikusogea.

Mwaka huu, masika yakiwa yameshika, nilipanda kwenda kwao Jumapili asubuhi kuchukua parachichi nilizoahidiwa. Nilimkuta uani amelala kifudifudi kando ya gari, bomba la grisi mkononi. Nusu ya uso ilikuwa imeshuka. Anapumua, lakini hasemi. Mama Moraa alikuwa ametoka mtoni wakati uleule, na ndoo ikamponyoka.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa hivyo, na mimi siku hiyo nilikuwa mgeni mwenye ufunguo. Majirani walimwinua wakamlaza nyuma, juu ya godoro alilowawekea wengine. Nikapanda kwenye usukani. Kichwa chake kilikuwa kinabingirika, na mtu mmoja akauliza, "Nani atamshika?"

Nilikuwa nimegeuka kutazama kupitia dirisha la nyuma. Wanaume wawili walisogea. Mama Moraa akawasukuma kando kwa bega. Akaweka mguu wake kwenye ngazi, akashika ubavu wa gari kwa mikono miwili, akasimama hapo kidogo, akipumua kwa nguvu. Nilidhani atashuka. Akajivuta juu. Akaketi kwenye godoro, akanyoosha miguu, akakichukua kichwa cha mumewe akakiweka mapajani, akavuta turubai juu yao wote wawili. Akagonga kioo mara moja kwa kiganja ili niende.

Sijawahi kuendesha vile. Gia ya kwanza, mguu mwepesi, breki sikuigusa. Kwenye kona ya mto matope yalikuwa yamefika kwenye vyuma vya magurudumu, tukayumba, tukatoka. Nilikuwa nalia na kumtukana Karani kwa Kijaluo, kwamba asithubutu kufa wakati mkewe amepanda gari na yeye hana habari. Tulifika lami, tukafika Kisii, wakampokea hospitalini akiwa hai.

Alilazwa, akarudishwa nyumbani na upande mmoja umekufa, maneno yakimtoka kwa shida na mengine yakipotea njiani. Tulijua, na nadhani yeye pia alijua, kwamba hakurudi kukaa. Nilikwenda kumwona mara moja zaidi, na ndiyo ya mwisho.

Ilikuwa alasiri, mvua imekatika. Alikuwa kwenye kiti sebuleni, mto wa kuegemea ubavuni, dirisha wazi, na pikapu ikionekana uani chini ya turubai lake. Mama Moraa alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, akimenya ndizi za kupika, mikono yake imejaa utomvu mweusi. Nilimpa Karani habari za duka. Alisikiliza. Halafu akauliza, polepole, neno moja moja:

"Mama Spea. Mimi nilienda hospitali na nini?"

"Na gari yako, mzee. Mimi ndiye niliendesha."

Akafikiri. "Breki?"

"Sikugusa."

Upande mmoja wa mdomo wake ukatabasamu. Akatazama pikapu kule uani. Kisha akasema, "Kulikuwa na mtu. Alishika kichwa."

Niliangalia ndizi. Halikuwa jibu la kutolewa na mimi. Kisu cha Mama Moraa kilisimama, kisha kikaendelea, kisha kikasimama kabisa.

"Ni mimi," akasema.

Alisema kwa Kiswahili. Hao wawili hawakuzungumza Kiswahili wao kwa wao hata siku moja. Lugha yao ilikuwa ya nyumbani, na mimi niliifahamu kidogo tu. Nadhani alitaka niwepo, nielewe, nisikie kwa masikio yangu, isije ikasemwa baadaye kwamba mgonjwa aliota.

"Wewe ulikuwa wapi?" Karani akauliza.

"Kwa gari. Nyuma. Kichwa yako ilikuwa hapa." Akapiga paja lake kwa mgongo wa mkono.

Karani akamtazama. Machozi yalianza kumtoka na hakuwa na nguvu ya kuyafuta, na mimi sikuthubutu kumfutia.

"Ilikuumiza?" akauliza. "Kule chini. Kwa mawe."

"Haikuniumiza."

"Mto?"

"Kwa mto ilikuwa matope tupu. Ikapita." Alichukua ndizi nyingine, akaigeuza mkononi, hakuimenya. "Hata ile siku ingepita. Hiyo gari uliitengeneza vizuri, Baba Moraa. Hata ile siku ingefika."

Sijui mpaka leo kama maneno yale yalikuwa msamaha au yalikuwa kisu. Alikuwa amemwita Baba Moraa, na jina lile sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu tulipomzika binti yao.

Karani alifumba macho yote mawili. Mkono wake mzima ulitoka chini ya blanketi, ukanyooka hewani kati yao, kiganja juu. Mama Moraa aliuangalia. Akaweka kisu chini. Akaifuta mikono yake kwenye leso, mbele na nyuma, utomvu haukutoka, akajaribu tena. Akainuka kwa shida kutoka kwenye kigoda, akaenda, akaushika hivyohivyo.

Nikachukua mkoba wangu nikatoka.